Meneja Hataki Maji

Benchi la kijiweni lilikuwa mlango. Zamani mlango huo ulikuwa wa kibanda cha kinyozi. Mwizi akauvunja, kinyozi akaweka wa chuma, na ule wa mbao ukalazwa juu ya matofali kando ya kibanda, bawaba zikiwa bado zinaning'inia, na mgeni akikaa vibaya zinamng'ata. Mbele ya mlango huo Mama Birika aliuza kahawa: jiko la mkaa katikati, beseni la kusuuzia vikombe upande huu, ndoo ya maji safi yenye kifuniko upande ule wa barabara, na binti yake mgongoni. Wenyeji wa kijiwe walikuwa watatu. Wembe, yule kinyozi, hakuweza kusema neno bila kuchezesha mkasi, hata kama hana kichwa cha kunyoa. Soli, fundi viatu, alishona huku akibishana, na ubishi ukipamba moto ndipo mishono yake ilipokaza. Hakimu alikuwa mzee mstaafu aliyefungua na kufunga milango ya mahakama maisha yake yote ya kazi, hata akaamini zile hukumu alikuwa akizitoa yeye. Wa nne alikuwa mbwa wa rangi ya chai ya maziwa aliyeishi chini ya benchi. Walimwita Meneja, kwa sababu alilala saa za kazi na hakuna aliyemuuliza.

Sheria ya kijiwe ilikuwa moja tu. Hoja ikishaiva, anayeikubali anafudikiza kikombe chake. Vikombe vyote vikilala kifudifudi, neno limepita. Mama Birika alikuwa na vikombe vyote, lakini hakuwa na kikombe chake. Kwa hiyo hakuwa na kura. Kwa sheria hiyo walipitisha kwamba Meneja afungwe kamba, maana alikuwa anawakimbiza wenye baiskeli hata mwenyekiti wa mtaa akaja juu. Soli akasuka kamba ya vipande vya ngozi, akashona na ukosi wenye kitambaa laini ndani, usimchubue shingo. Kwa sheria hiyo hiyo walipitisha kwamba bomba lililopasuka pale kwenye kona, lililofanya dimbwi miaka nenda miaka rudi, lazima lizibwe. Wakaenda wote watatu ofisi ya maji, wakapiga kelele mpaka mafundi wakaja. Sasa kona ilikuwa imekauka kau, na wao bado walikuwa wanajisifu.

Siku hiyo jua liliwahi kuwaka. Mama Birika alipotua jiko lake, Meneja hakutoka kumlaki. Alipiga mkia chini mara moja, kama mtu anayeitikia salamu akiwa usingizini, akanyamaza. Kipande cha mkate alichoachiwa na Wembe jana kilikuwa kimejaa sisimizi.

— Eja, alisema mtoto mgongoni. Eja.

Ndivyo alivyomwita Meneja. Lilikuwa neno lake la pili duniani, baada ya mama. Na kusimama alijifunza hapo hapo, akilishika sikio la mbwa yule. Meneja alitulia kama jiwe mpaka miguu ya mtoto ikapata nguvu, kisha akasogea pole pole, kama anayejua.

— Jamani, alisema Mama Birika. Meneja haamki.

— Amechoka na uongozi, alisema Wembe akitoka na mkasi wake. Hata mimi ningekuwa meneja wa mtu kama Soli ningelala.

— Si mzaha, shemeji. Mkate wako hajaugusa.

Mkasi ukanyamaza.

— Mkate wa siagi? Hajaugusa mkate wa siagi?

— Njoo uone mwenyewe.

Wembe akapiga magoti. Akaangalia chini ya mlango kwa muda. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

— Huyu ametiwa sumu!

— Nani atie sumu? aliuliza Soli, sindano ikiwa mdomoni.

— Unaniuliza mimi? Ng'ambo pale! Wale wacheza drafti! Tangu tulipowaambia wanacheza kama watoto wa chekechea wamekuwa wakituangalia kwa jicho la husuda. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sumu imewekwa wapi? Mvunguni! Basi aliyeiweka aliinama. Tuvuke barabara sasa hivi, tutafute mwenye maumivu ya mgongo!

— Wale wazee wote wana maumivu ya mgongo.

— Basi wote wamehusika!

Hakimu alifika wakati huo, fimbo kwapani, akaketi mahali pake mbali na bawaba. Kabla ya kuketi alisogeza miguu asimkanyage mbwa, kama alivyofanya kila siku. Mama Birika aliona. Mambo kama hayo hayakumpita. Alikuwa ameona pia kwamba Wembe aliuinamisha mwavuli wa wateja wake ili kivuli kimfikie Meneja, na wateja wakilalamika kuchomwa na jua aliwaambia vichwa vyao ni vigumu.

— Kesi gani? aliuliza Hakimu.

— Meneja ametiliwa sumu na watu wa Ng'ambo, mzee.

— Ushahidi?

— Mtazame mwenyewe. Anaangalia wapi?

Wote wakainama. Ni kweli. Kidevu cha Meneja kilikuwa juu ya miguu yake ya mbele, kamba imevutika hadi mwisho, na macho yake yalitazama moja kwa moja kule barabarani, yakapita jiko, yakapita ndoo, yakaelekea Ng'ambo.

— Mnaona? Mbwa hasemi uongo. Anatuonyesha adui kwa macho! Toka juzi anatazama huko huko.

— Mimi nasema si sumu, alisema Soli. Ni nywele zako.

— Nywele zangu?

— Unafagia vichwa vya watu unavisukuma chini ya benchi. Kiumbe anavuta nywele za mtaa mzima. Kuna nywele za walevi mle, kuna nywele za madalali. Ataachaje kuugua?

— Wewe nawe una mdomo wa kusema? Na gundi yako je? Ukifungua lile kopo hata nzi anaanguka. Pua ya mbwa ni mara ngapi ya pua yako, na pua yako yenyewe ni kama soli iliyochakaa!

— Usiguse pua yangu!

— Nani aguse? Nitaoga na nini?

— Utulivu! alisema Hakimu, akapiga fimbo chini. Mama Birika, mimina. Kesi hii ni nzito.

Mama Birika akamimina. Akavuta ndoo, akachota maji ya kusuuzia, akafunika. Meneja akainua kichwa kidogo, akakirudisha chini.

— Ametikisika! alisema Wembe. Umetaja kesi, akatikisika. Anataka haki!

— Je, amepewa dawa? aliuliza Hakimu.

Wembe akatazama mkasi. Soli akatazama kiatu.

— Mimi, alisema Wembe, nilimpaka oili chafu kidogo mgongoni. Ya gari. Kwa ajili ya kujikuna. Kila mtu anajua oili chafu inaua upele.

— Lini?

— Wiki iliyopita. Na juzi tena kidogo.

— Heh! alisema Soli. Na mimi nimempa nusu ya kidonge changu cha kichwa. Alikuwa na uso wa mtu mwenye kichwa.

— Umempa mbwa dawa yako ya kichwa? alisema Mama Birika.

— Nilimpa nusu, dada! Nusu nilikula mwenyewe. Tuligawana kama ndugu.

Hakimu akakohoa.

— Mahakama pia... yaani mimi, nilimpa dawa ya minyoo ya mjukuu wangu. Ya maji. Ina ladha ya ndizi. Aliipenda.

Mama Birika akawatazama mmoja mmoja. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Watu watatu, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja kwa mapenzi yake, walikuwa wamegeuza tumbo la kiumbe yule kuwa duka la dawa.

— Na hakuna aliyemwambia mwenzake?

— Sadaka haitangazwi, alisema Wembe.

— Na kumpeleka kwa daktari wa wanyama? Ile chanjo iliyotangazwa na gari la kipaza sauti?

Hapo wakawaka wote kwa pamoja.

— Mimi nilijua Soli amempeleka! Si yeye aliyeshona ukosi?

— Mimi? Mwenye ukosi ni fundi, mwenye mbwa ni yule anayemlaza! Kalala kibanda cha nani?

— Anakaa chini ya benchi, si ndani ya kibanda! Na benchi ni la umma!

— Mzee Hakimu ndiye mstaafu. Ana muda. Mimi nilidhani mzee kampeleka.

— Msinivunjie heshima! Mstaafu ni mtu aliyepumzika. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mbwa huyu mama yake yuko wapi? Hiyo ndiyo hoja. Mama yake amekwepa wajibu!

— Kweli, mzee. Mama yake hana haya kabisa.

— Hata salamu hajatuma.

Soli alikuwa ameacha kushona, na Soli hakuacha kushona ila kwa msiba. Alikuwa anafikiri.

— Lakini, alisema, kuna jambo. Juzi alinishangaza. Nina kopo langu la kulowekea ngozi, mnalijua. Nilikuwa nimelisogeza karibu. Alilirukia! Akalipindua! Maji yote chini. Nikampa kofi la kandambili. Basi badala ya kukimbia, mnajua alifanya nini? Akalamba mchanga.

— Mchanga?

— Mchanga! Mbwa mzima, mwenye akili zake, analamba mchanga.

— Ulikuwa mchanga wa kawaida?

— Wa kawaida kabisa. Ule uliomwagikiwa.

Hakimu akaweka kikombe chini taratibu sana. Uso wake ukawa ule wa siku kubwa.

— Semeni tena. Alipindua kopo la maji.

— Ndiyo.

— Aliyamwaga maji. Kwa makusudi.

— Kwa nguvu zake zote, mzee.

— Je, tangu juzi kuna mtu hapa aliyemwona mbwa huyu akinywa maji? Wembe?

— Mimi... hapana. Sijamwona.

— Soli?

— Sijamwona.

— Mama Birika, wewe unakaa hapa kutwa na ndoo yako.

Mama Birika akafikiri.

— Sijamwona, baba.

— Basi kesi imekwisha, alisema Hakimu. Si sumu, si nywele, si gundi. Mbwa asiyetaka maji ana ugonjwa mmoja tu, na hata mtoto mdogo anaujua. Kichaa cha mbwa.

Wembe akapanda juu ya benchi na miguu yake yote miwili. Soli akainua miguu. Mama Birika alirudi nyuma hatua, mkono ukaenda mgongoni, ukamshika mtoto. Siku zote walizokaa hapo zilipita kichwani mwake kwa mara moja: ulimi wa Meneja kwenye vidole vya mtoto, shavu la mtoto kwenye manyoya ya Meneja, neno lile la pili duniani.

— Hajamng'ata mwanangu, alisema. Hajamng'ata mtu.

— Bado, alisema Hakimu.

— Nimekula naye kidonge! alisema Soli. Nusu kwa nusu! Mnanitazama nini? Nitazameni vizuri! Macho yangu yakoje?

— Ya kawaida yako, alisema Hakimu, lakini ya kawaida yako nayo si mazuri.

— Na mimi nimempaka oili kwa mkono huu, alisema Wembe, akauangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Mkono huu umenyoa watu arobaini toka siku ile. Mtaa mzima umeambukizwa! Mwenyekiti mwenyewe nimemnyoa! Leo jioni utaona kikao cha mtaa wanabweka!

— Ndiyo maana wale wa Ng'ambo hawaji kunyoa kwako, wamejua mapema!

— Ndiyo wenyewe waliomleta! Wamemleta kichaa kwa makusudi!

— Utulivu! Hakimu alikuwa ametoa simu, akaishika mbali na macho yake, akiipekua kwa kidole kimoja. Ninayo namba ya yule bwana wa manispaa mwenye bunduki. Anakuja mara moja. Risasi moja, kiumbe hapati tabu.

— Mzee! alisema Mama Birika. Umuue Meneja?

— Si mimi, mwanangu. Ni sheria. Na haraka haraka haina baraka, ndiyo maana lazima tupige simu sasa hivi, kabla hatujafika wakati wa kufanya mambo kwa haraka. Tupige kura.

Akanywa tone la mwisho, akakifudikiza kikombe chake juu ya mlango. Kilitoa sauti ndogo. Wembe, akiwa bado amesimama juu ya benchi, akakifudikiza cha kwake bila kumtazama mtu. Soli akakishika chake muda mrefu. Chini yake, kwa ile nafasi ya mbao, aliuona ule ukosi alioushona, na kitambaa laini alichokikata kwenye shati lake mwenyewe.

— Alikuwa ananisubiri, alisema. Nikichelewa kufunga kazi, halali mpaka nifunge.

— Soli. Kura.

Soli akakifudikiza, akageuza uso.

Ndipo alipotokea mtu. Alikuwa bwana mnene aliyevaa ovaroli lililojaa nyuzi na vipande vya sponji, mikono imechanika mikwaruzo mipya, na amekumbatia kikapu kilichofunikwa kwa kanga na kufungwa kamba. Ndani ya kikapu kulikuwa na sauti ya mtu anayetukana.

— Habari za hapa. Naomba kahawa. Na mtu anielekeze kwa daktari wa wanyama, kabla shetani huyu hajamaliza ngozi yangu.

— Nyuma ya soko, mkono wa kushoto, mlango wa kijani, alisema Wembe.

— Unafuata ukuta, alisema Soli.

— Kabla ya saa sita hakuna foleni, alisema Hakimu.

— Kumbe mnapajua vizuri.

— Tunapajua sana. Kila siku tunapita.

Mgeni akaketi, bawaba ikamng'ata, akasogea.

— Paka wako? aliuliza Wembe.

— Si wangu. Wa mke wangu. Mimi ni fundi magodoro, na mnyama huyu ananoa kucha zake kwenye magodoro yangu. Simpendi, hanipendi. Lakini leo ni siku yake ya chanjo, na kumpenda ni kazi ya mke wangu. Kumpeleka ni zamu yangu. Mbona mmekaa kama wafiwa?

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa mara moja, oili na kidonge na ndizi, mchanga, macho yanayotazama Ng'ambo, mtaa mzima kubweka. Hakimu akamalizia kwa sauti ya mahakamani:

— Kwa kifupi, mbwa hataki maji. Kura imepita. Napiga simu.

Fundi magodoro akainama, akamtazama Meneja kwa mbali, bila kumgusa. Kikapu kikamtukana. Akainuka.

— Hataki maji?

— Hayataki kabisa.

— Mlimwekea kwenye chombo gani?

Mkasi wa Wembe ulikuwa umefunguka, ukabaki umefunguka. Simu ya Hakimu ikazima taa yake yenyewe mkononi mwake.

— Nauliza, alisema mgeni, kwa sababu wengine hawapendi chombo cha plastiki. Huyu shetani wangu hanywi kwenye bati. Ninyi mlimwekea kwenye nini?

Mama Birika alimwona Soli akitazama kona, pale palipokuwa na dimbwi. Wembe akatazama pale pale. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande. Kamba ya Meneja, ile ya ngozi, ilikuwa imepimwa vizuri sana siku ile walipomfunga: ilifika hadi kwenye dimbwi, ikabaki kidogo. Haikufika kwenye beseni wala kwenye ndoo.

Ndoo. Mama Birika akageuka. Ndoo ilikuwa upande wa barabara, katikati ya Meneja na Ng'ambo. Toka juzi kila alipoinua kifuniko, kichwa cha Meneja kiliinuka. Kila alipofunika, kilishuka. Na yeye alikuwa amesuuza vikombe mbele ya macho yale, asubuhi na jioni, akamwaga maji mferejini mbali, ili kona yao nzuri isilowane.

— Lakini wahenga, alisema Hakimu kwa sauti ndogo, walisema mbwa hafi maji...

— Mzee, alisema fundi magodoro, hao walisema hazami akiona ufuko. Hawakusema asinyweshwe.

— Hana maji! alisema Mama Birika, na sauti yake iliwashtua hata wapita njia. Hana maji! Mmempa siagi, mmempa jina, mmempa cheo! Mmempa oili ya gari! Mmemfunga, mkamkaushia dimbwi, mkajisifu! Na mimi nimo, nimekaa na ndoo hapa kama kipofu! Kiumbe analamba mchanga, tunasema ni mwendawazimu! Mwendawazimu ni nani hapa?

— Dada, alisema Wembe, kura imeshapita...

— Kura yenu ifudikizeni pamoja na vikombe! Sina kikombe, lakini maji ni yangu!

Akalimwaga beseni, akalisuuza. Akainua ndoo yote, maji ya kahawa ya siku nzima, akalijaza beseni mpaka ukingoni.

— Usimkaribie, alisema fundi magodoro. Tuseme hujui. Sukuma kwa fagio. Na mtoto akae mbali.

Mama Birika akamfungua mtoto mgongoni, akampa Wembe, ambaye hakupewa muda wa kukataa. Akalisukuma beseni kwa mpini wa fagio, taratibu, maji yakitikisika, hadi mwisho wa kamba.

Meneja alitazama. Kisha akaanza kujikokota kwa tumbo, miguu ya nyuma ikibaki nyuma kama mzigo. Pua ikagusa maji. Akarudi nyuma kidogo, Hakimu akashika fimbo, na Soli akasema pole pole, Meneja, baba, kunywa.

Akanywa.

Alikunywa kwa kelele, kwa pupa, kidevu na sikio moja ndani ya beseni. Hata kikapu kilinyamaza. Sauti ya ulimi ule ilijaa kijiwe chote, na kadiri ilivyoendelea ndivyo Soli alivyozidi kuinamisha kichwa.

— Eja, alisema mtoto mikononi mwa Wembe. Eja, maji.

— Ndiyo, mama, alisema Wembe, na pua yake ilikuwa imeziba. Maji. Umetushinda wote.

— Basi si kichaa? aliuliza Soli.

— Hilo silijui, alisema fundi magodoro. Mimi ni wa magodoro. Atasema daktari. Mwambieni yote, na dawa zenu zote, na kwamba amezoea kumramba mtoto. Msifiche hata hiyo ya ndizi. Mimi naenda, foleni haijajaa.

— Atapelekwaje? Hawezi kutembea.

Wakatazamana. Kisha Hakimu, mzee wa fimbo na heshima zake, akasimama. Akakigeuza kikombe chake, kikaangalia juu. Wembe akageuza cha kwake. Soli alikuwa ameshageuza. Haikuwa imewahi kutokea kijiweni neno lililopita likarudi.

— Inukeni kwenye benchi, alisema Hakimu.

Wembe akamrudishia Mama Birika mtoto. Wakaviweka vikombe chini, wakaunyanyua mlango kutoka juu ya matofali, wakaulaza kando ya Meneja. Soli akafunga gunia mkononi, akamfungua kamba, na kwa mpini wa fagio na maneno mengi ya kubembeleza mbwa akajisukuma juu ya mbao akalala, mdomo ukidondosha maji. Mkia ukapiga mlango mara mbili.

Mlango ulikuwa na pembe nne, wao walikuwa watatu. Fundi magodoro alikuwa na kikapu chake. Mama Birika akashika pembe, lakini mkono mwingine ukaishika kabla yake. Alikuwa mzee mmoja wa Ng'ambo, mcheza drafti, amevuka barabara na jagi la maji mkononi. Alilitua kwa upole karibu na jiko.

— Mmechelewa, alisema Wembe, akajaribu kukasirika, ikashindikana. Mgongo wako haukuumi?

— Unaniuma miaka yote. Toka juzi tunasemezana kule kwetu, mbwa wa wale mabwana ana kiu. Tukasema tuwaletee maji.

— Mbona hamkuleta?

— Na mdomo wenu? Mngesema tumetia sumu.

Wakainua mlango. Bawaba ikamng'ata Hakimu mkononi, akasema neno ambalo halikusemwa mahakamani hata siku moja. Wakaondoka wanne na mlango, fundi magodoro mbele na kikapu kinachotukana, Soli akienda kinyumenyume ili amtazame Meneja usoni, na hadi walipokata kona ya soko Mama Birika aliwasikia wanabishana: nani atasema yeye ndiye mwenye mbwa. Safari hii kila mmoja alitaka awe yeye.

Akamfunga mtoto mgongoni. Akageuza beseni, likadondosha tone moja. Ndoo ilikuwa tupu, birika limebaki na sauti ya moto tu. Alilichukua lile jagi la Ng'ambo, akalimimina kwenye beseni, akalisogeza kivulini, mahali pale pa Meneja, likae likimngoja.

Mteja akafika, anajifuta jasho.

— Mama Birika, kahawa.

— Imekwisha, kaka.

— Mapema hivi? Nani kaimaliza?

— Meneja.

Mteja akatazama huku na huku atafute pa kukaa. Yalikuwepo matofali, na vikombe vitatu chini, vyote vimeangalia juu.

— Na benchi liko wapi?

— Limempeleka hospitali.